Hesabu ya likizo inayoachwa njiani

Ukitaja nyumba ya wanafunzi mbele ya wawekezaji, wengi hukunja uso: kelele, kuta zilizochorwa, kodi inayosubiri mzazi atume hela. Ukitaja nyumba ya wageni wa likizo, macho yanang'aa. Kinachowavutia ni hesabu ambayo madalali huipenda, ila huiacha njiani.

Tuimalize. Tuseme mwanafunzi analipa 300 kwa mwezi, mgeni 30 kwa usiku. Mwezi ukijaa, mgeni analeta 900. Lakini mwezi haujai. Ukipata siku 16, ni 480. Msimamizi akikata asilimia 20, zinabaki 384. Hao ni wageni kama watano, na kila anayeondoka huacha shuka za kufua, choo cha kusugua, pengine taulo la kununua upya. Weka 15 kila mara: zinabaki 309, na bado hujalipia umeme, maji na intaneti. Kiyoyozi chenyewe huachwa kikiunguruma mgeni akiwa ufukweni.

Mwanafunzi naye atavunja kitasa, sikatai. Ila ameweka amana, na nyuma yake yuko mzazi aliyetia saini ya udhamini. Muhimu zaidi ni mkataba. Wa miezi 12 unakupa 300 kila mwezi. Wa miezi 9, ukikosa mtu wakati wa likizo ndefu, unashusha wastani hadi 225, na hapo mgeni anaweza kumshinda mwanafunzi.

Mgeni ana faida zake: bei inapanda msimu ukichangamka, na wewe mwenyewe unaweza kuitumia nyumba. Lakini biashara hii iko mikononi mwa manispaa. New York ilianza Septemba 2023 kusimamia sheria inayomtaka mwenyeji awepo nyumbani mgeni akikaa chini ya siku 30. Barcelona ilitangaza 2024 kwamba leseni za nyumba 10,101 za watalii hazitahuishwa baada ya Novemba 2028.

Wanafunzi pia huguswa na serikali. Mwaka huohuo wa 2024 Kanada iliweka kikomo cha vibali vya masomo, takribani 360,000, pungufu kwa asilimia 35. Aliyetegemea wanafunzi wa kigeni pekee aliumia. Kwa hiyo kabla ya kununua karibu na chuo, uliza wangapi wanatoka humohumo nchini, na kama chuo chenyewe kinajenga mabweni.