Amelipa kwa fedha ipi?

Kwenye kikundi cha mikopo ambacho wanachama hudhaminiana, kikao cha marejesho hakifungwi mpaka hesabu itimie. Nilikaa kwenye kimoja Mbagala: akina mama juu ya mikeka, mweka hazina na kadi zao, afisa mikopo anatazama saa. Muuza samaki mmoja hakufika, na simu yake ilizimwa. Baada ya saa nzima wenzake wanne wakafungua mafundo ya kanga, wakamchangia rejesho. Afisa akaandika kwenye kadi: amelipa.

Utaratibu huu una hoja nzito. Muuza samaki hana hati ya nyumba wala daftari la mauzo. Kama kweli anaamkia soko la samaki la Feri alfajiri, kama ana madeni mtaani, wanaojua ni majirani zake. Benki ya Grameen ya Bangladesh ilikua kwa kutegemea ujuzi huo wa kikundi cha watu watano. Na kwa mkopo wa laki tano, afisa mwenye mamia ya wateja hawezi kumkagua kila mmoja. Anayetaka vikundi vifutwe atuambie nani atamdhamini yule mama.

Shida ni kwamba kikundi kinamchuja mtu siku anapoingia. Baada ya hapo kazi yake ni kumbana. Chukua hiyo laki tano kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kikomo kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Ikipigwa juu ya mkopo wote kwa miezi minne, riba ni 70,000. Ukigawa jumla kwa wiki 16, kila wiki ni 35,625, kuanzia wiki ya kwanza, mtaji haujazunguka. Samaki wakiadimika, ratiba haibadiliki. Ndipo mtu anapokimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, anaacha kadi ya benki au friji kama dhamana, na kikaoni anafika na hela kamili. Kwenye ripoti ni mteja bora. Mzunguko ujao anaongezewa mkopo!

Jimbo la Andhra Pradesh, India, lilisifiwa kwa marejesho mazuri mpaka 2010, ilipodhihirika kuwa wengi walikopa huku wakalipe kule. Serikali ya jimbo ikaingilia kati, ulipaji ukaporomoka.

Kanzidata za taarifa za mikopo zinasaidia, ila mkopeshaji wa uchochoroni hapeleki taarifa huko. Kwa hiyo mimi ningekiacha kikundi kichuje, lakini nisikitwishe mzigo wa kila wiki mbaya. Wakopeshaji wanahofia kwamba mmoja akipangiwa upya, wote watalegea. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo Grameen yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliruhusu mkopaji aliyekwama apangiwe upya marejesho. Mama akijua kusema ukweli hakumfukuzishi, atausema.

Kadi niliyoiona Mbagala ilikuwa na safu ya tarehe na safu ya kiasi. Ningeongeza ya tatu: fedha imetoka wapi.