Kifurushi cha ujumbe kati ya programu mwenyeji na iliyopachikwa: nafuu na gharama yake

Fomu ya malipo inapopachikwa kwa fremu (iframe, yaani ukurasa ndani ya ukurasa) katika tovuti nyingine, ambayo ndiyo mwenyeji, kivinjari huzitenganisha pande hizo mbili iwapo asili zake (origin, yaani itifaki, jina la tovuti na port) ni tofauti, hata upande mmoja usiweze kusoma data ya mwingine. Mlango ulioachwa kwa makusudi ni postMessage, amri ya JavaScript ya kutuma ujumbe kutoka dirisha moja hadi jingine, nao hupitisha ujumbe tu: haurudishi jibu, wala haujali kama upande wa pili uko tayari kupokea. Pengo hilo ndilo linalozibwa na vifurushi, yaani maktaba za msimbo ulioandikwa tayari, kama Penpal na Comlink.

Wanaovitetea wana hoja nzito. Mwenyeji akituma ujumbe kabla programu ya ndani haijaanza kusikiliza, ujumbe hupotea kimyakimya, na msanidi anaweza kuhangaika kutwa akisaka hitilafu inayojitokeza pale tu mtandao unapokuwa wa polepole. Penpal huanza kwa kuhakikisha pande zote mbili zimeitana na kuitikiana, kisha kila ombi hupewa kitambulisho ili jibu lake lisichanganywe na jingine. Mtu anaweza kuyaandika hayo mwenyewe, ila kuyaandika bila dosari ni kazi nyingine.

Hata hivyo, urahisi huo huficha mpaka. Msimbo unaoita kitendakazi (function) kilicho ng'ambo husomeka kana kwamba kipo papo hapo, ilhali data inayovuka kwa kawaida hunakiliwa. Ukijaribu kupitisha kitendakazi chenyewe kwa postMessage, utapata kosa la DataCloneError, yaani kitu hicho hakiwezi kunakiliwa. Comlink ina njia ya kukiwakilisha, lakini lazima uiombe.

Suala la usalama ndilo linalonitia shaka zaidi. Kifurushi hukupa nafasi ya kutaja asili unazoziamini, na mwenye haraka huweka nyota (*), yaani yeyote anakubaliwa. Ajabu ni kwamba fremu iliyofungiwa kwa sandbox (sifa inayoipunguzia fremu uwezo) bila ruhusa ya allow-same-origin, inayoiachia asili yake halisi, hujitambulisha kwa asili ya "null", kwa hiyo kuitumia fremu hiyo ujumbe kunahitaji nyota hiyohiyo, na mwenyeji hubaki kukagua ni dirisha gani hasa lililotuma.

Kwa programu inayotangaza kimo chake tu ili fremu irefushwe, mistari michache ya postMessage inatosha. Maombi yenye majibu yakiongezeka, ningechukua kifurushi, isipokuwa programu za ndani zinaandikwa na watu wa nje: hao nisingewalazimisha kubeba maktaba yangu, bali ningewachapishia muundo wa ujumbe wenyewe.