Mtoto wa huku ana njia nyingi, mpwa wangu ana tuisheni

Ijumaa jioni hapa Perth mwanangu anacheza ligi ya vijana ya mpira wa kikapu, na kazi yangu ni kukaa na wazazi wenzangu nikishika chupa ya maji. Wiki hii nimekaa na baba mmoja mwenyeji ambaye kijana wake ana miaka 17 na urefu wa kubadilisha balbu bila ngazi. Mzee analalamika. Hajui ampeleke wapi. Chuo cha Marekani kinampigia simu, klabu ya hapahapa Australia inataka kumpa mkataba, na kuna wakala anayesifia Hispania. "Inachosha," akaniambia.

Inachosha! Nilitamani nimpe namba ya dada yangu aliye Tabata, Dar.

Mpwa wangu naye ni wa miaka 17, na ameshapita mita mbili. Matokeo ya muhula yalipotoka, viatu vyake vikafungiwa kabatini na Jumamosi ikageuzwa siku ya tuisheni. Ukoo mzima umeunga mkono, kuanzia baba mkubwa hadi majirani. Akitaka kikapu, asome kwanza, kisha asubiri skolashipu ya Marekani "kama Hasheem".

Hadithi ya Hasheem Thabeet kila familia yenye mtoto mrefu Dar inaijua, na mimi naipenda. Nikisema huku kwamba natoka Tanzania, wapenzi wa kikapu wa umri wangu huitaja kabla ya Kilimanjaro. Kijana wa Makongo, akaenda chuo cha UConn kule Marekani, mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Raha tupu. Lakini mwaka uleule, kwenye uchaguzi uleule, wa 10 alikuwa Brandon Jennings, Mmarekani aliyekiacha chuo na kwenda kulipwa mshahara Roma. Sisi tulimwona mmoja tu, na tangu hapo tunamwimba huyohuyo.

Chanzo cha njia hizi zote ni kanuni moja. Tangu makubaliano ya 2005 kati ya ligi na wachezaji, NBA haimchukui kijana moja kwa moja kutoka sekondari: lazima awe ametimiza au atimize miaka 19 mwaka huo, na kwa Mmarekani uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake limalize shule. Vyuo viliuchukua mwaka huo wa kusubiri vikajaza viwanja na televisheni, mchezaji akapata ada na chakula. Wengine wakaona mwanya. China ilimlipa Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, akachaguliwa wa saba 2015. Hapa Australia ligi ilianzisha 2018 mpango wa Next Stars, wa kuwachukua vijana wanaoiwania NBA. Mmarekani LaMelo Ball akaja kuchezea klabu ya Illawarra, akaumia mguu akiwa amecheza mechi chache tu, na bado akachaguliwa wa tatu. Alex Sarr, Mfaransa, alipita timu ya vijana ya Real Madrid, kisha Overtime Elite, ligi ya vijana kule Atlanta, kisha hapa kwetu Perth Wildcats, akachaguliwa wa pili 2024. Chuo hajakaa hata siku moja.

Najua mtakachouliza: na shule? Hapo ndipo ninapochoka na nyumbani. Overtime Elite ilipoanza 2021 iliahidi kila mchezaji mshahara usiopungua dola 100,000 kwa mwaka, na asipoendelea na mpira, dola 100,000 nyingine za kumsomesha chuo. Ignite, timu ya vijana ya ligi ndogo ya NBA, nayo ilikuwa na ufadhili wa masomo ndani ya mkataba. Shule imeandikwa humo humo na sahihi ikawekwa. Huku hakuna aliyemwambia mtoto achague kati ya mpira na kuwa mtu wa maana. Sisi tunamwambia achague akiwa kidato cha pili, tena kwa sauti ya kumtisha.

"Umeshiba wewe, umekuwa mzungu," mtasema. Haya. Mimi nimefika huku kwa vyeti, nina mita moja na sabini, hakuna klabu duniani ingenitaka. Na ada ya hiyo tuisheni naichangia mimi. Sidharau elimu, nimekerwa na kuiona ikitumiwa kama fimbo.

"Lakini hiyo Ignite si imefungwa?" Imefungwa, 2024, na sababu yenyewe ndiyo inayoniuma zaidi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, yaani kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kijana wa Kimarekani hana tena haja ya kukimbilia Ignite. Chuo kimekuwa kazi nzuri. Sasa mwulizeni mtoto wetu anayeingia na visa ya mwanafunzi. Visa ile inabana kazi ya malipo. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo vyote 2022, ilibidi amalize shughuli zake za matangazo timu yake ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Yaani njia pekee tunayoibariki ndiyo ambayo mwenzake wa Kimarekani analipwa waziwazi na wa kwetu anatafuta kichochoro.

Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, hakusubiri hilo. Alikwenda Ignite, akachaguliwa wa saba 2021, mwaka uliofuata akawa bingwa wa NBA na timu ya Golden State. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipitia Hispania, naye wa saba, 2011. Na mkiniletea Khaman Maluach, aliyekulia Kawempe, Kampala, kwamba yeye alipita chuo cha Duke, nakubali, alipita mwaka mmoja. Lakini kabla ya hapo alilelewa kwenye akademia ya NBA kule Saly, Senegal, na akacheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, dhidi ya wanaume wenye ndevu, msimu wa 2024 akiwa na City Oilers ya Kampala. Duke ilipokea mchezaji aliyekwisha iva, na 2025 akachaguliwa wa 10. Kampala, wakuu. Si mbali.

Matapeli wapo, hilo sibishi. Wapo mawakala wanaochukua pasipoti ya mtoto na kupotea. Hata Wamarekani wameumia: Jeremy Tyler aliacha sekondari 2009 akaenda Israeli, akarudi kabla msimu haujaisha. Daishen Nix alitoka Ignite na hakuchaguliwa na timu yoyote. Ndiyo maana mkataba unasomwa: nani analipa goti likivunjika, nani analipa shule, pesa inaingia akaunti ya nani, pasipoti anakaa nayo nani. Maswali hayo dada yangu anaweza kuyauliza vizuri kuliko mawakili wa hapa. Nimemwona akinunua kitenge.

Na msinielewe vibaya kuhusu watoto wetu. Hawa wa huku taa ikififia kidogo ukumbini wanataka mechi isimame. Wa kwetu wanacheza Upanga na Kidongo Chekundu kwenye saruji, jua la saa nane, na bado wanaruka. Kinachokosekana si miguu.

Kwa hiyo nimemwandikia dada: tuisheni ihamie Jumatatu na Jumatano, Jumamosi mtoto arudishiwe viatu, nauli ya uwanjani nitatuma mimi. Baba mkubwa amejibu kwenye kundi la familia kwamba mambo ya riziki tumwachie Mungu. Sawa, baba mkubwa, shikamoo. Ila hesabu na fizikia mbona hamkumwachia?