Ellora haikuchongwa na majini

Mara ya kwanza nilifika Ellora, kwenye mapango ya mahekalu yaliyochongwa kilimani magharibi mwa India, siku ya Jumanne. Basi la usiku kutoka Pune, mgongo umekakamaa, chai ya tangawizi kituoni Aurangabad, kisha teksi ya kuchangia kama kilomita 30 hadi langoni. Mlinzi hakusema neno, akaninyooshea kidole kibao: Jumanne hapafunguliwi. Kosa langu, sikuuliza. Nikarudi mjini (siku hizi rasmi unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar, ila mimi ulimi umeshazoea jina la zamani), nikalala, nikadamka Jumatano.

Siku hiyo ya pili ndiyo iliyonipa kinyongo nilichokaa nacho mpaka leo. Kijana mmoja alijitolea kututembeza, mcheshi, anayajua mapango kwa namba zake. Tulipofika pango la 16, lile la Kailasa, hekalu la mungu Shiva, akashusha sauti kama anayetoa siri ya nyumba: hii si kazi ya binadamu. Akataja mashine zilizoyeyusha mawe na wageni waliotoka angani. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mimi nikacheka, maana hadithi hiyo nimelelewa nayo. Kwetu Unguja hao wageni wa angani tunawaita majini. Gofu lolote lenye ukuta mnene, utaambiwa majini walilisimamisha usiku mmoja, kulipokucha wakakimbia.

Tatizo langu na hadithi hizi ni dogo tu: zinamnyima fundi haki yake.

Ukienda Kailasa usianze na mlango. Kuna njia ya kupanda ubavuni mwa kilima, panda kwanza. Ukifika juu, unachungulia shimo lenye urefu wa mita 80 na ushee na upana wa mita 46 hivi, ukuta wake wa nyuma unazidi mita 30 kwenda chini, na humo ndani limekaa hekalu zima: lango, banda la fahali Nandi, ukumbi, mnara, madaraja ya kuunganisha, nguzo mbili ndefu zimesimama peke yake uani, na ndovu wawili wa mawe waliokatika mikonga. Hakuna jiwe lililobebwa kuletwa pale. Hakuna udongo wa kuunganishia, hakuna kiungo. Vyote hivyo ni kilima kilekile, basalti iliyomwagika ikiwa moto kwenye nyanda za Deccan miaka milioni 66 hivi iliyopita, ikapoa, ikasubiri. Juu ya paa la ukumbi kuna ua kubwa la yungiyungi limechongwa, na simba wanne wanatembea kulizunguka. Ukiwa chini uani huwapati wote. Nilikaa pale juu nikiwatazama simba hao muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote siku ile, kwa sababu ndio walioanza. Walikamilika, makucha na manyoya, wakati nyumba iliyo chini yao bado ni jiwe tupu.

Kazi ilikwenda hivi. Mafundi walichimba mitaro mitatu kutoka juu ya mteremko, miwili ikiingia kilimani na mmoja wa kuiunganisha kwa nyuma, mpaka katikati pakabaki bonge la mwamba la mita kama 60 kwa 30, kimo nacho kama 30. Kisha wakaanza kulichonga kutoka kileleni kushuka. Faida yake fundi yeyote anaiona hapohapo: huhitaji mirunda wala majukwaa. Unasimama juu ya jiwe ambalo bado hujalikata, unamaliza mbele yako, unashuka hatua, unamaliza tena. Hasara yake nayo iko wazi. Anayejenga kwa tofali akikosea hubomoa kozi moja akaanza upya. Hapa ukivunja pua ya mungu, imevunjika. Na yule aliyekuwa kileleni alipaswa kujua kizingiti cha mlango kitakaa wapi mita ishirini chini ya miguu yake, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona.

Hiyo ndiyo sehemu ya kustaajabia. Watu mitandaoni wanastaajabia tani.

Basi tuzihesabu hizo tani. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mawe yaliyotolewa yalifika tani 200,000, na kwamba kazi ilichukua miaka 18. Gawanya kwa siku zote hizo, unapata tani 30 kwa siku. Tani 30 ni tipa tatu za kokoto. Weka watu 300 machimboni, kila mmoja anatoa kilo 100 kwa siku. Haya, tuseme waliokadiria walipunja, zidisha mara mbili, bado ni tipa sita na watu 600. Nani aliyewahi kupita Kunduchi, Dar es Salaam, akawaona kina mama wakiponda kokoto kwa nyundo juani, kisha aniambie kilo 100 zinahitaji mashine kutoka sayari nyingine? Kazi ngumu, ndiyo. Ya kuvunja mgongo na pengine ya kuua. Lakini ni kazi.

Hata hiyo miaka 18 yenyewe ni hesabu ya haraka. Imetoka kwenye muda wa utawala wa Krishna wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Rashtrakuta, aliyetawala takriban kuanzia 756 hadi 773. Mtaalamu Hermann Goetz alishaandika mwaka 1952 kwamba hekalu lilipita mikononi mwa wafalme kadhaa. M. K. Dhavalikar, mwaka 1982, akalirudisha kwa Krishna kwa sehemu kubwa, lakini naye akakubali kwamba baadhi ya vyumba vya pembeni ukutani vilikuja baadaye. Ukitembea uani unaona wazi: mkono uliochonga katikati si mkono uliochonga baadhi ya vile vyumba. Mfalme mmoja hufa, mwingine huja, fundi analeta mwanawe.

Nimetaja mwanawe kwa sababu ami yangu ni fundi milango. Ni mchongaji, wa milango ile mizito ya Unguja yenye maua na minyororo kwenye miimo. Nikiwa mdogo nilikuwa nikishinda barazani kwake nikiokota mabanzi. Siku moja patasi ilimteleza ikang'oa jani zima kwenye mwimo uliokuwa karibu kwisha. Hakusema kitu. Akawasha sigara, akautazama ule ubao mpaka sigara ikaisha, kisha akaanza kuligeuza lile jeraha kuwa ndege. Ilimbidi achonge na ndege wa pili upande wa pili ili vilingane. Mwenye mlango alipokuja akawasifu ndege kuliko vyote. Ami akaitikia, "Ndiyo, nilidhani utawapenda."

Kwa hiyo nikiambiwa Kailasa haina kasoro na ndiyo ushahidi kwamba si kazi ya mikono, najiuliza mtu huyo alitazama nini. Imejaa mikono. Msingi wa hekalu, kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, umezungukwa na safu ya ndovu na simba wanaolibeba jengo mgongoni, na kila ndovu ana namna yake. Kwenye kuta za nyuma za shimo michirizi ya tindo bado ipo, maelfu kwa maelfu, mingine imenyooka na mingine imekwenda upogo kama ya mtu aliyechoka saa tisa alasiri.

Wala hawakuibuka ghafla. Ellora ina mapango 34 yaliyo wazi kwa wageni: 12 ya Kibudha, 17 ya Kihindu na 5 ya Kijaini, na wachongaji wa huko walikuwa wamekwishazoea jabali lile kwa vizazi kabla ya Krishna kuzaliwa. Pango la 10, la Kibudha, lina dari ya mawe iliyochongwa mbavu mbavu kama boriti za mbao. Wenyeji wanaliita kibanda cha seremala. Jina hilo lilinichekesha na kunigusa kwa pamoja: kabla ya kulizoea jiwe, mkono ulikuwa bado unakumbuka mbao. Ramani ya Kailasa nayo ina wazazi. Inafanana sana na hekalu la Virupaksha la Pattadakal, lililojengwa karibu mwaka 740 na malkia wa ukoo wa Chalukya, na hao Chalukya ndio waliopinduliwa na Rashtrakuta miaka ya 750. Ushindi ulileta ardhi, na naamini ulileta na mafundi.

Kuna hadithi moja ya Kimarathi ninayoipenda. Malkia aliweka nadhiri kwa Shiva: mumewe akipona, atamjengea hekalu, na hatatia chakula kinywani mpaka akione kilele chake. Mume akapona. Mafundi wakakuna vichwa, kwani kilele ndicho hujengwa mwisho na malkia angekufa njaa kabla ya msingi kukauka. Ndipo akaja fundi mmoja kutoka Paithan, Kokasa, akasema nipeni wiki moja. Akapanda kilimani akaanza na kilele. Malkia akala.

Ni ngano tu, na imeandikwa karne nyingi baada ya Krishna. Lakini angalia imempa nani ushindi. Mungu amemponya mfalme, basi. Aliyemwokoa malkia ni fundi mwenye akili. Na kuna maandishi ya zamani zaidi, bamba la shaba la miaka ya 812 hadi 813 la tawi la ukoo wa Rashtrakuta, linalosifu hekalu la Krishna. Linasema miungu ikipita angani kwenye magari yao ililiona ikashangaa, ikadhani limeota lenyewe, maana kitu cha kutengenezwa hakiwi kizuri hivi. Ndiyo, wazo la "si kazi ya binadamu" lina miaka 1,200! Ila mtunzi wa bamba hakuishia hapo. Akamleta na aliyelijenga, naye anajitazamia kazi yake mwenyewe na kujiuliza aliiwezaje. Kila fundi ninayemjua amewahi kujiuliza hivyo.

Jambo jingine ambalo picha hazisemi: lile jiwe jeusi tunalolipenda leo halikukusudiwa kuonekana. Hekalu lilipakwa lipu nyeupe, na mabaki yake yapo, pamoja na rangi kwenye dari za veranda. Kailasa ni mlima wa Tibet wenye theluji, makao ya Shiva, na hekalu lilitakiwa kuwa mlima huo. Mtu wa Mji Mkongwe halimshangazi jengo la mawe lililovishwa chokaa, kwa hiyo nilifumba macho nikalipaka upya. Likawa geni kabisa, karibu linitie hofu. Ndani, chumba cha mwisho chenye linga, jiwe ambalo ni alama ya Shiva, ni kidogo na giza, na jina lake la Kisanskriti lina maana ya nyumba ya mimba. Sikuvuka kizingiti. Palikuwa na wanawake wawili wanasali, nami sikuwa na la kufanya pale.

Sanamu inayopendwa na wengi iko ubavuni kwa nje, chini: Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, yuko shimoni chini ya mlima, anautikisa aung'oe. Juu yake Parvati, mke wa Shiva, amemshika mumewe mkono kwa hofu, mtumishi wa kike anakimbia akiwa amegeuza mgongo, na Shiva ametulia, anaugandamiza mlima kwa kidole cha mguu. Mafundi wamemchimbia Ravana nafasi ya kweli ndani ya jabali, kwa hiyo adhuhuri yeye yuko kivulini na miungu iko juani.

Na pwani yetu haikuwa mbali na watu hawa kama tunavyodhani. Mnamo mwaka 916 al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad, alisafiri kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wengi wanakihusisha na Pemba, kwenda Oman. Aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, yaani pwani yetu, zilipelekwa Oman na kutoka huko India na Uchina. Katika miaka hiyohiyo alikuwa Saymur, bandari ya magharibi mwa India, nchi ya mfalme ambaye Waarabu walimwita Balhara. Balhara ndiye Rashtrakuta. Mtu mmoja, nguo zilezile pengine, alizijua pwani zote mbili.

Labda ndiyo maana kinyongo changu hakijaisha. Kilwa nayo ilizungushiwa maneno hayohayo, waandishi wa kikoloni wakiona matao na kuba wanatafuta mgeni wa kumpa sifa. Lalibela, Ethiopia, makanisa 11 yaliyokatwa ndani ya mwamba, baadhi yake kwa mtindo huuhuu wa kuchimba kushuka, simulizi ya huko inasema malaika walifanya zamu ya usiku. Malaika afadhali. Angalau simulizi hiyo inakiri kwamba mchana walikuwapo watu.

Niliporudi Unguja nilimpelekea ami picha kwenye simu. Akavaa miwani. Swali lake la kwanza: "Kifusi walikipeleka wapi?" Nikamwambia mbele ya kilima ardhi inateremka, na kwamba kuna watu wanadai kifusi hakionekani, kwa hiyo ni muujiza. Akaguna. "Mwanangu, mawe yaliyokwisha kuvunjwa hayakai hata wiki. Watu wanajenga."

Kisha akaliacha hekalu, akaipanua picha kwa vidole viwili mpaka ukuta wa nyuma ukajaa kioo chote. Akaisogeza polepole, akasimama mahali ambapo michirizi ya tindo ilikuwa imelala kinyume na mingine.

"Huyu hapa," akasema, "ana mashoto."