Kabla hujang'oa hadi diski ukaweka SSD

Washa laptopu yenye hadi diski ya zamani, iache ifike kwenye deskitopu, halafu usiguse kitu. Fungua dirisha la kuangalia kazi zinazoendelea. Prosesa iko asilimia 8, RAM imebaki nusu, hujafungua programu hata moja, ila diski imeng'ang'ania asilimia 100 na haishuki. Mfumo unajitafutia masasisho, antivairasi inapekua faili, na kidude kimoja tu humo ndani kinakimbizana na maombi yote hayo. Ukiinamisha sikio karibu na unapolaza kiganja, utakisikia kikikwaruza.

Mwenye mashine ya namna hiyo akiuliza afanyeje, siku hizi jibu ni moja: ng'oa hiyo, weka SSD, yaani hifadhi ya chipu. Hata mimi ndilo ninalolitoa. Ila naona limekuwa kama panado, linagawiwa bila kumuuliza mtu anaumwa wapi, na bila kumwambia anaacha nini nyuma.

Kwenye kasi sina ubishi. Ndani ya hadi diski kuna sahani, na katika laptopu nyingi sahani hiyo inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Faili ikiitwa, mkono wenye kichwa cha kusomea usogee kwanza hadi mahali pake, kisha ungoje data ipite chini yake. Shughuli hiyo inakula kama milisekunde 15. Kwako wewe si kitu. Kwa kompyuta maana yake ni kwamba maombi yaliyotawanyika huku na huku hayafiki mia kwa sekunde moja, na kuwasha Windows ni maelfu ya maombi ya aina hiyohiyo. SSD haina mkono wala sahani. Seli yoyote, yaani kijumba kinachotunza data, inasomwa kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, popote ilipo.

Ndiyo maana matangazo yanatupoteza kidogo. Yanashindanisha megabaiti 550 kwa sekunde na 100, mtu akadhani faida ni mara tano. Faida unayoihisi mkononi haitoki huko, inatoka kwenye kutongoja ule mkono. Hata laptopu ya 2009 au 2010 yenye SATA (njia ya kuunganishia diski) ya kizazi cha pili, ambayo haivuki megabaiti 300 kwa sekunde, inafufuka vilevile. Atakayekwambia SSD "itabanwa" humo hajakosea, ila itabanwa siku unanakili filamu, si asubuhi unapoiwasha.

Tatizo la kwanza ni kwamba si kila uzito ni wa diski. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 2, na brauza imefunguliwa kurasa 20, inahamishia mzigo wa RAM kwenye diski kila dakika. Ukiweka SSD kuganda kutapungua, kweli, lakini umefunika ugonjwa tu. Pesa hiyo ingeanza na RAM. Ipo pia ile inayokwenda vizuri dakika kumi za kwanza kisha inakuwa moto na kuzubaa. Hiyo feni yake imejaa vumbi, haihitaji zaidi ya brashi na pasta mpya ya prosesa. Halafu kuna suala la umri. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo kwa upande wa Intel karibu zote zinaanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi zinazobeba hadi diski ziko nje ya mstari huo. Kuziwekea SSD bado kuna maana kama uko tayari kuhamia mfumo mwingine, Linux. Kama huko tayari, piga hesabu upya.

Tatizo la pili ndilo linalonikera zaidi kwa jinsi lisivyosemwa: namna vitu hivi viwili vinavyokufa. Watu wanaogopa SSD "itaisha" kwa kuandikwa data mara nyingi. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Samsung 860 EVO ya gigabaiti 250, kwa mfano, ilitoka na dhamana ya miaka 5 au kuandikwa terabaiti 150. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, na mtu wa kawaida hafiki hapo, itakuchukua zaidi ya miaka 20 kuzimaliza. Laptopu yenyewe itakuwa imekwenda zamani.

Cha kuogopa ni kontrola, chipu inayoiongoza SSD. Hadi diski mara nyingi huumwa kabla ya kufa: inaanza kugonga tik-tik, faili moja inagoma kufunguka, kunakili kunakwama katikati, na mwenye macho anapata siku mbili tatu za kuokoa vyake. SSD inaweza kufanya kazi vizuri jioni, asubuhi BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) ikakuambia hakuna diski. Nimewahi kuishika moja ya hivyo, safi kabisa, haina mkwaruzo wala harufu ya kuungua, nikaibadilishia kebo na mashine tatu tofauti na hakuna iliyoiona. Mwenyewe alikuwa bado anauliza, "Lakini si haina kitu cha kuharibika ndani?"

Kuna na suala la faili zilizofutwa. Kwenye hadi diski, faili uliyoifuta kwa bahati mbaya hubaki palepale hadi iandikwe juu yake, na ndiyo riziki ya mafundi wengi. SSD hupokea amri iitwayo TRIM inayoiambia nafasi zipi hazitumiki tena, nayo inazisafisha yenyewe. Ukishtuka baada ya saa moja, mara nyingi pameshafagiliwa. Wala si kitu cha kuhifadhi kabatini: kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, ikishamaliza umri wake wa kuandikwa, itunze data bila umeme mwaka mmoja tu, kwenye nyuzi 30.

Kwa hiyo hadi diski unayoing'oa ndio mbachao wako, usiuache kwa fundi. Ikiwa bado ina afya, itie kwenye kasha la USB iwe ya nakala rudufu. Afya yake ipime mapema, kabla ya kununua chochote, kwa programu kama CrystalDiskInfo, inayosoma taarifa za SMART ambazo diski hujiandikia kuhusu hali yake. Ukikuta sekta zilizohamishwa (vipande vibovu ambavyo diski imevikwepa) zinaongezeka, nakili picha na nyaraka kwanza, na usijaribu kuihamisha diski nzima kama ilivyo. Zoezi hilo hukwamia kwenye sekta mbovu na kuimaliza kabisa. Mimi hata diski ikiwa nzima napendelea kupiga Windows mpya. Kuhamisha yote ni kubeba na uchafu wa miaka sita.

Kazi ya mikono ni ndogo. Fungua kava, chomoa kebo ya betri, toa fremu ya chuma, hamishia SSD humo. Skrubu zipange kwa mpangilio wa mashimo yake maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa kava mahali unapolaza kiganja. Ikicheza kidogo usishtuke: SSD ina unene wa milimita 7, ya zamani huwa 9.5. Hakikisha tu mapema kwamba yako inafunguka hapo, kwani zipo laptopu ambazo hifadhi yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Na ukikutana na "SSD ya nje ya terabaiti 16" kwa bei ya chakula cha mchana, ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu. Programu ya kupima ukubwa halisi wa hifadhi, F3 au H2testw, itakuonyesha, ila iendeshe siku za kurudisha mzigo bado hazijapita.

Ya kwangu ya zamani iko mezani kwenye kasha lake, bado inakwaruza. Kila Jumamosi jioni naichomeka inakili yaliyobadilika, inachukua dakika 40, nami nakuwa jikoni.