Baridi ya Michigan haikufuati hadi Florida

Jumamosi iliyopita nilimpa mtu mkono wa pongezi huku moyo ukiniuma, na tangu siku hiyo sijatulia.

Yalikuwa mashindano yetu ya kwanza ya gofu ya neti mwaka huu, hapa klabuni Michigan, Marekani: mikwaju yako ukitoa handikapu, yaani mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako, na mwenye michache ndiye mshindi. Mshindi alirudisha kadi ya mikwaju 85, akakatiwa mikwaju 21 ya handikapu, akabaki na 64. Wa pili alikuwa dada mmoja muuguzi, ambaye hutoka zamu ya usiku, akalala kwa muda wa saa tatu tu, kisha akaja uwanjani. Alipata 66.

Sina neno na hiyo 85. Ila mwezi wa pili bwana huyohuyo, mtu wa nyumbani kabisa, alinitumia picha kutoka Florida: minazi nyuma yake, wenzake watatu kando, na mkononi kadi yenye 82 iliyozungushiwa duara kwa kalamu. Alikaa huko wiki sita, akicheza mara tatu kwa wiki. Zawadi zilipokwisha kutolewa nikamuuliza kama alama zile aliziingiza kwenye mfumo unaokokotoa handikapu. Akanijibu bila kupepesa macho, "Kaka, za baridi hazihesabiwi."

Baridi ya wapi?

Msimu wa kuingiza alama Michigan unaanza 1 Aprili na kwisha 31 Oktoba. Ukicheza ndani ya Michigan nje ya tarehe hizo, alama yako haiingii kwenye handikapu, iwe nzuri au mbaya. Lakini Florida haifungi msimu. Ni mwaka mzima, kama ilivyo Arizona na California. Kinachotazamwa ni ardhi uliyochezea, wala si jimbo ulikojiandikisha. Na mlango huo una pande mbili: mtu wa Florida akija kucheza kwetu Desemba, alama yake haihesabiwi, hata kama kwao msimu uko wazi.

Anayedhani hizi ni tarehe tu za karani aje asimame nami kwenye shimo la kwanza mwishoni mwa Novemba. Ardhi imeganda. Mpira ukitua kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi, unadunda kama umeangukia lami, unajiendea mbele bila jasho lako. Wakati huohuo hewa nzito ya baridi inaukata angani. Grini zenyewe, zile nyasi laini zenye shimo, zimefungwa zisiharibike, bendera imehamishiwa kwenye kipande cha nyasi mbele yake. Sasa kiwango cha kiwanja na slopu, vipimo viwili vya ugumu wa kiwanja, vilipimwa katika hali ya kawaida. Ukipiga 82 siku kama hiyo, 82 hiyo inalinganishwa na nini? Ndiyo maana inaachwa, na ni haki iachwe.

Florida hakuna hata kimoja cha hayo. Hebu tufanye hesabu. Chukua kiwanja chenye kiwango cha 70.6 na slopu ya 125. Toa 70.6 kwenye 82, unabaki na 11.4; zidisha kwa 113, ambayo ndiyo slopu ya kawaida, gawanya kwa 125, unapata 10.3; hiyo ndiyo inayolinganishwa na handikapu. Bwana wetu alifunga Oktoba akiwa na handikapu ya 19.4, ambayo kiwanjani kwetu ndiyo ile mikwaju 21. Alama moja tu ya namna hiyo, kwa sababu iko chini ya handikapu yake kwa zaidi ya 7, mfumo wenyewe ungemkata pointi moja papo hapo. Na hakucheza mara moja. Wiki sita mara tatu ni michezo 18, na handikapu yetu inatokana na 8 bora kati ya 20 za mwisho. Maana yake karibu hesabu yake yote ya Mei ilipaswa kuwa ya Florida. Badala yake alikuja na handikapu ya Oktoba, ya mtu ambaye hayupo tena.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tarehe moja kwa jimbo zima inauma. Mwaka jana, wiki ya kwanza ya Novemba, tulipata siku ya jua mpaka nikavua sweta. Nikapiga 79, ya kwanza maishani mwangu chini ya 80. Haikuingia. Wenzetu wa upande wa jiji la New York wanaendelea hadi 14 Novemba, kwa hiyo huko ingehesabiwa. Niliikunja kadi nikaiweka kwenye droo, basi.

Lakini Desemba nilikwenda nyumbani, nikacheza kiwanja cha Nyali, Mombasa, upepo wa kaskazi ukivuma toka baharini, kedi, mbeba fimbo zangu, akinielekeza kila mkwaju kana kwamba pesa ni zake. Kwetu gofu ni mwaka mzima. Nilipiga 95, nikapiga 92, siku ya mwisho nikapiga 83. Zote niliziingiza jioni ileile kabla sijala, kiwango na slopu nikivisoma kwenye kadi. Tangu 2020 mfumo ni mmoja dunia nzima, alama ya Mombasa ina uzito sawa na ya Detroit. Ile 83 ikanishusha handikapu, nikarudi Michigan na mikwaju pungufu. (Na ninyi wa nyumbani mnaosema za masika hazihesabiwi kwa sababu tuliruhusiwa kuinua mpira, kuufuta na kuuweka: zinahesabiwa.)

Kamati ina uwezo wa kumwekea mtu alama ya adhabu kwa mchezo aliouficha. Sijaomba hilo bado. Nimewaandikia waanze na jambo dogo: kila mwisho wa Oktoba watume ujumbe kwa wanachama wote kwamba kilichofungwa ni Michigan, na kabla ya mashindano ya kwanza waulize nani alisafiri.

Yule dada ana alama zake zote 20 mle ndani, ikiwemo 118 ya Jumapili ya mvua. Aliniuliza kwenye maegesho, taratibu, kama kuna shimo ambalo alipaswa kulicheza tofauti. Nilishindwa kumjibu.

Kaka, najua unanisoma. Alama huingia hata zikichelewa, na zinapangwa kwa tarehe ya mchezo. Kadi zako za Florida unazo. Picha ya ile 82 ninayo mimi, nitakutumia leo usiku.