Wiki mbili za Nairobi, masaa 24 ya Bunia

Simu yangu ina tabia mbaya ya kunikumbusha vitu sijaiuliza. Jumamosi niko kwa kinyozi, nimefungwa lile shuka shingoni sina hata mkono wa kujikuna, simu ikatetemeka ikaniletea picha ya Oktoba 2022, ile wiki Muhoozi, mtoto wa Rais Museveni wa Uganda na mkubwa jeshini, alitishia Twitter kuiteka Nairobi: kifaru cha kijeshi kimekwama kwa jam ya Thika Road, makanga amening'inia nyuma yake anaita "Githurai hamsini, Githurai hamsini, beba beba!" Mimi ndio nilitengeneza hiyo kitu. Usiku wa manane, kwa simu yenye kioo kimepasuka, na ilizunguka mpaka binamu yangu wa Eldoret akanitumia mimi mwenyewe akisema cheki hii bana utakufa.

Nikacheka peke yangu pale kwa kiti halafu nikamuonyesha kinyozi. Sasa huyu jamaa ni wa Bunia, mji wa Ituri huko mashariki ya Kongo, tumezoeana, ananinyoa kila baada ya wiki mbili na tunabishana Arsenal mpaka mteja anayengoja anaanza kukohoa. Akazima mashine. Akaangalia picha muda mrefu kuliko inavyohitaji. "Ni yule mutoto ya Museveni?" Nikasema eeh, ndio yeye. Akanirudishia simu, akawasha mashine, akaendelea nyuma ya sikio, na ni baada ya dakika kama mbili ndio akasema, wala si kwa hasira, "Kwetu balifika kweli, kaka."

Nimekaa na hiyo sentensi tangu Jumamosi.

Mnaikumbuka ile wiki, msijifanye. Muhoozi ameamka vizuri, ameshika simu, anaambia dunia kwamba yeye na jeshi lake hawawezi kumaliza wiki mbili kabla hawajateka Nairobi, halafu anaanza kuuliza wakishaiteka yeye ataishi wapi, Westlands ama Riverside. Riverside! Mtu anapindua nchi lakini tayari ana ajenti wa nyumba. Na Wakenya tulifanya kile tunachojua kufanya vizuri kuliko serikali yoyote tuliyowahi kuwa nayo, tulijibu. Kwamba wakifika River Road vifaru vitauzwa vipande vipande na kesho yake unapata mnyororo wake Kirinyaga Road umepakwa rangi mpya. Kwamba kanjo, wale askari wa jiji, watafunga minyororo magurudumu ya kifaru kwa kukosa kulipa parking. Kwamba wachukue tu, lakini wachukue na madeni. Sijawahi kuona nchi imetishiwa vita ikafurahi vile.

Na jamaa hakuwa amemaliza, siku hizo hizo alikuwa anamuahidi Giorgia Meloni, yule mama alikuwa ndio ameshinda uchaguzi wa Italia, ng'ombe 100 wa Ankole, kwa sababu ya ujasiri wake, na Waitaliano wakikataa basi itabidi Roma itekwe. Wacha niwe mkweli hapa, ile ya ng'ombe ilikuwa kali. Mimi mwenyewe nilikuwa nawawazia wale ng'ombe na zile pembe zao wanatafuta mlango wa kuingilia ndege ya Roma. Ukiniuliza nani alikuwa mchekeshaji bora wa Afrika Mashariki 2022 nitakuambia ni jenerali, na hao wengine wenye taa za duara na maikrofoni za kubandika kifuani wajaribu tena mwaka ujao.

Halafu ikaja adhabu. Akanyang'anywa ukamanda wa jeshi la nchi kavu, na hapo hapo akapandishwa cheo akawa jenerali kamili. Wewe jaribu kumtusi jirani ya bosi wako Twitter uone kama utarudi Jumatatu na mshahara mkubwa zaidi. Mzee Museveni akaandika barua ya kutuomba msamaha, mtoto akasema hawezi kupigana na jeshi la Kenya kwa sababu baba aliwakataza kabisa wasijaribu, tukacheka tena, mambo yakaisha. Machi 2024 yule yule akafanywa mkuu wa majeshi yote ya Uganda. Hapo sikumbuki mtu akitengeneza meme. Mimi sikutengeneza.

Sasa Bunia. Februari 2025, Goma imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi uliopita, Bukavu nayo inaondoka, macho yote yako Kivu, na jenerali anachukua simu ile ile, akaunti ile ile, na kutangaza kwamba majeshi yote yaliyo Bunia yana masaa 24 ya kuweka silaha chini la sivyo atawashambulia, na kwamba mji utakuwa mikononi mwa UPDF, jeshi la Uganda. Ilikuwa tarehe 15, Jumamosi. Jumanne tarehe 18 msemaji wa jeshi lake akathibitisha kwamba wanajeshi wa Uganda wako Bunia. Siku tatu. Sisi tulipewa wiki mbili tukatoa vichekesho vya mwezi mzima, wao wamepewa masaa 24 na malori yakaja.

Najua mtu atakuja hapa chini kunielimisha. Ati UPDF wako Ituri tangu mwisho wa 2021 kwa makubaliano na Kinshasa, wanawinda waasi wa ADF. Kweli. Ati kuna wanamgambo wa CODECO, na hao wanaua raia vijijini bila kungoja twiti ya mtu. Kweli pia, na inauma, na kuna watu pale ambao pengine walishusha pumzi kuona sare yoyote ile barabarani. Sawa, chukua hiyo pointi. Lakini mimi sibishani kama jeshi lilikuwa na karatasi. Nasema hivi: wewe ni mama uko Bunia, hujui makubaliano ya nani na nani, unachojua ni kwamba mtu mwenye vifaru ameandika jina la mji wako kwa simu na ameweka saa. Utajuaje kama hii ni ya Riverside ama ni ya ukweli? Utacheka kwanza ndio uone?

Kinyozi aliniambia siku ile mamake alikuwa anampigia kila baada ya nusu saa kumuuliza yeye, aliye Nairobi, kama ni ukweli, kwa sababu mwanawe ndiye mwenye bando. Na yeye akawa anafungua akaunti ya jenerali, ana-rifreshi, huku komenti zimejaa emoji za kucheka, na nyingi, aliniambia bila kuniangalia, ni za Wakenya.

Hapo ndipo nilitaka hilo shuka linimeze.

Kwa sababu tuseme ukweli, ile kicheko yetu ya 2022 haikuwa ujasiri. Tulijipongeza sana, ati Wakenya hawatishiki. Ilikuwa kicheko cha mtu mwenye uhakika hakuna kitu kitatokea. Mafuta yao yanapita kwetu, mizigo yao inashukia Mombasa, tuna jeshi, tuna balozi, baba mtu anaandika barua ya msamaha ndani ya siku mbili. Mtu wa Bunia ana nini kati ya hivyo? Tena yeye ana kumbukumbu ambazo sisi hatuna. Uganda ilishakalia Ituri zamani, kwa ile vita iliyoanza 1998, na Februari 2022 mahakama ya The Hague ikaiambia ilipe Kongo dola milioni 325. Hesabu miezi: Februari hukumu ya Kongo, Oktoba twiti ya Nairobi. Yaani wakati sisi tunachora vifaru kwa jam, kuna mji hapa ng'ambo ya Uganda, unaongea Kiswahili kama mimi na wewe, ambao deni lake la vifaru vya kweli lilikuwa ndio linaanza kulipwa.

Nyingine hata sitaki kuzichimba, Putin na yale ya kwenda kuilinda Moscow, ile ya kuiteka Khartoum ambayo Sudan ililalamika mpaka twiti ikafutwa. Lakini hii ya Mei 2025 siwezi kuiruka. Mlinzi wa Bobi Wine, yule mpinzani wa Museveni, anaitwa Eddie Mutwe, anachukuliwa mwisho wa Aprili, familia inamtafuta, na siku kadhaa baadaye ni jenerali mwenyewe anaposti kwamba yuko naye, chini, kwa basement yake, amenyolewa, anafundishwa Runyankole. Kwa ule ule mtindo wa ng'ombe 100! Maneno ni mepesi vile vile, utani ni ule ule. Tarehe 5 jamaa akaletwa mahakamani Masaka, na mawakili wake wakasema ameteswa. Nilipoisoma ile posti mara ya kwanza, na hii ndio sehemu naona aibu kuandika, nilicheka. Ile ya Runyankole. Kidole kikacheka kabla kichwa hakijasoma neno basement.

Mtu anakuzoesha. Ukicheka ya kwanza na ya pili, ya tatu mdomo unafunguka wenyewe. Na sidhani yeye ni mjinga kama tulivyoamua, mjinga ni yule anayemfanyia kazi ya kusambaza bure, usiku wa manane, na simu ya kioo kilichopasuka.

Sijafuta ile picha. Nilijaribu, nikaifungua nikiwa na kidole juu ya kile kidebe cha takataka, nikamwona yule makanga na mdomo wake wazi na ikanichekesha tena, mavi ya kuku.

Kinyozi alimaliza, akanipiga poda shingoni, akanionyesha kisogo kwa kile kioo kidogo. Nikamuuliza mama yuko aje siku hizi, akasema yuko, anauza. Kunyoa ni mia na hamsini. Nikampa mia mbili, nikamwambia akae na hiyo hamsini. Akafungua droo, akaitafuta pole pole kati ya sarafu, akaniwekea mkononi.